Makosa yasiyopiga kelele

Jumamosi, jioni.

Programu inayojifunga ghafla hainitishi. Ikijifunga, mtumiaji atapiga simu kulalamika, nitafungua rekodi za makosa, nitauona mstari uliogoma, nitarekebisha na maisha yataendelea. Ninayoiogopa ni ile inayofunguka vizuri, inayopokea kila unachoiandikia na kutoa ripoti yenye chati za rangi, kumbe ripoti yenyewe ni ya uongo. Wiki hii nimeshinda ndani ya programu ya namna hiyo. Ni ya chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho sitakitaja, na naandika kabla mambo hayajanipotea kichwani.

Kazi niliyoitiwa ilionekana ndogo. Chama kilitaka kuwakumbusha wanachama marejesho yao kwa ujumbe mfupi. Ujumbe ulikuwa unatumwa, salio la SMS linakatwa, ila wanachama hawapokei kitu. Mhasibu, mama wa makamo asiyependa kuzungushwa, aliitikia shikamoo yangu na kuingia moja kwa moja: "Mwanangu, mimi hayo ya kompyuta siyajui. Ila hela ya meseji inaondoka. Inakwenda kwa nani?"

Nikafungua jedwali la wanachama. Watu mamia walikuwa na namba moja ya simu: 2147483647.

Kwa aliyewahi kushika hifadhidata, tarakimu hizo ni sura anayoifahamu. Ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kukaa kwenye safu ya jedwali iliyopewa aina ya INT, yaani namba kamili ya biti 32 inayokubali na hasi. Aliyejenga jedwali aliona simu ni tarakimu tupu, akachagua INT, na kwa muda mrefu mambo yakaenda. Namba inayoanza na 07 hupoteza sifuri yake, zinabaki tarakimu tisa, zinaingia bila shida. Siku kampuni ya kutuma SMS ilipotaka kila namba ianze na 255, zikawa tarakimu kumi na mbili, zaidi ya bilioni 255. MySQL, programu inayotunza hifadhidata hii, haikugoma. Ilizibana zote kwenye ukomo wa INT, ikaacha onyo ambalo hakuna aliyelisoma. Tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015, MySQL ikisakinishwa upya hukataa data ya namna hiyo. Ila kwenye seva hii kuna mtu aliuzima ukali huo, nadhani kwa sababu ulimsumbua.

Dawa ni kuhifadhi simu kama maandishi. Kipimo changu cha aina ya safu ni swali moja tu: kuna siku mtu atazijumlisha hizi au kuzitafutia wastani? Kama hakuna, ni maandishi hata ziwe tarakimu mwanzo hadi mwisho.

Kubadili aina ya safu ni kazi ya dakika. Kazi ni kuzipata namba zilizopotea. Nikaomba mafaili ya Excel ambayo maafisa mikopo walikuwa wakitumia kabla, na huko nikakuta maafa mengine. Namba ya tarakimu kumi na mbili Excel huionyesha kwa ufupi, kitu kama 2.55754E+11. Ukihifadhi faili hilo kama CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, kinachoandikwa ni kile kinachoonekana. Ukilifungua tena unapata 255754 na sifuri sita, na tarakimu sita za mwisho za mwanachama wako zimekwenda na maji.

Namba za NIDA zilikuwa na hali mbaya zaidi. Kitambulisho cha taifa kina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia. Excel hushika tarakimu 15 za namba, zinazobaki huzigeuza sifuri. Aliyeandika na vistari katikati alisalimika, maana Excel iliichukulia namba yake kuwa maandishi. Aliyeandika mfululizo alipoteza tano za mwisho. Kuna kijana ofisini alipendekeza tutumie BIGINT, ndugu mkubwa wa INT, "ili ziingie zote". Nilichukua kikokotoo. Hata BIGINT isiyo na hasi inaishia kwenye 18446744073709551615, maana yake ingewatosha wanachama waliozaliwa mwaka 1844 kurudi nyuma. Tulicheka sana, na kijana alicheka zaidi yetu.

Wala si sisi peke yetu. Oktoba 2020 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilikuta wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingizwa kwenye hesabu za kila siku, kwa sababu faili la Excel la muundo wa zamani lilijaa kwenye mstari wa 65,536. Mwaka huohuo wanasayansi wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walitangaza kubadili majina kama MARCH1 na SEPT1, kwa kuwa Excel ilikuwa inayafanya tarehe. Wamebadili majina ya jeni badala ya kubishana na Excel! Nimewaelewa.

Jumatano niliingia kwenye programu ya simu. Afisa mikopo yuko kijijini, mtandao unakuja na kuondoka. Anaandika rejesho la mwanachama, anabonyeza Tuma. Ombi linafika kwenye seva, linahifadhiwa, halafu jibu linapotelea njiani. Simu inamwambia imeshindikana. Naye, kama mtu yeyote mwenye akili, anabonyeza tena. Rejesho limeingia mara mbili, deni limepungua mara mbili, na ajabu ni kwamba hakuna mwanachama hata mmoja aliyekuja kulalamika.

Wengi hukimbilia kukifunga kitufe baada ya kubonyezwa. Hiyo inamzuia mwenye haraka ya kidole, haimsaidii aliyekosa jibu. Nilichofanya ni kuipa kila shughuli kitambulisho chake cha UUID, yaani alama ndefu isiyojirudia, palepale simuni, kabla ya kutuma, na kukiandika kwenye SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya simu. Ikitumwa mara kumi, inakwenda na kitambulisho kilekile, na upande wa seva safu hiyo ina sharti la UNIQUE, haipokei kitambulisho kimoja mara mbili. Hapa kuna mtego unaonikera. Mitandaoni utashauriwa utumie amri ya INSERT IGNORE ili marudio yapite kimya. Yatapita, lakini IGNORE hainyamazishi marudio peke yake, hugeuza na makosa mengine kuwa maonyo, pamoja na lilelile la namba kubanwa kwenye ukomo. Umeziba tundu moja kwa kufungua jingine. Nimetumia ON DUPLICATE KEY UPDATE, nikaiambia ibaki na kilichokuwepo, na makosa mengine yaendelee kupiga kelele zake.

Marudio ya zamani sikuyafuta. Mtu anaweza kulipa elfu ishirini asubuhi, akarudi jioni na elfu ishirini nyingine. Nilitoa orodha ya malipo ya mwanachama mmoja, kiasi kimoja, yaliyopishana kwa dakika chache, nikampa mhasibu. Yeye anawajua watu, mimi najua safu tu.

Vijiji navyo. Ripoti ilionyesha Mang'ula mara mbili, kila moja na mikopo yake. Ukizitazama hazina tofauti, lakini moja ina alama ya ritifaa iliyonyooka, nyingine iliyojikunja, ile ambayo Word na baadhi ya simu huiweka zenyewe. Kwa kompyuta hivyo ni vijiji viwili. Lugha yetu imejaa ng', kwa hiyo tatizo hili ni letu hasa. Zaidi ya hapo, aliyeandika msimbo wa zamani alikuwa anaunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya SQL, lugha ya kuiuliza na kuiamuru hifadhidata, na ritifaa iliyonyooka inakatisha sentensi ya SQL katikati. Msimbo huo ukikataa kumsajili mkazi wa Mang'ula leo, kesho utamruhusu mhuni afute jedwali zima. Alichoandika mtumiaji kipitishwe kama kigezo, pembeni ya swali la SQL, basi.

Saa ilinichosha na kunichekesha. Chati ilionyesha vikundi vingi vikikutana saa nane usiku. Maafisa walikuwa wameandika 2:30 wakimaanisha saa mbili na nusu asubuhi, kama mtu yeyote wa kwetu angeandika, na programu ikasoma saa za kizungu. Kuongeza saa sita kwa wote haiwezekani, maana wengine waliandika 08:30. Sasa fomu inauliza asubuhi, mchana, jioni au usiku kwanza, halafu saa, na programu inageuza yenyewe. Seva nayo inahifadhi UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma yetu, kwa hiyo malipo ya kwa simu kati ya saa sita na saa tisa usiku wa tarehe mosi yalikuwa yanaangukia mwezi uliopita. Ndiyo maana vitabu vya mhasibu na ripoti havikukubaliana kila mwisho wa mwezi, na lawama alibeba yeye.

Kilichobaki ni tarehe, na hiki sina ujanja nacho. Laptopu moja ofisini ilipangwa Kimarekani. 25/04/2023 ilishindwa kuielewa, ikaiacha kama maandishi, hivyo inaonekana upande wa kushoto wa kisanduku na ni rahisi kuiokoa. Lakini 03/04/2023 iliisoma bila wasiwasi kuwa tarehe 4 Machi. Siku zote za mwezi kuanzia mosi hadi kumi na mbili ziko hatarini, na hakuna swali la SQL litakaloniambia ipi iligeuzwa na ipi ni sahihi. Itabidi turudi kwenye daftari za karatasi, ukurasa kwa ukurasa. Daftari zipo, ziko kabatini. Funguo za kabati anazo katibu, na katibu yuko msibani Singida hadi Alhamisi.