Ukurasa wa Babu

Juzi usiku mwanangu wa kidato cha tatu alinigongea mlango, riwaya ya *Kuli* mkononi. "Mama, yule babu wa Bububu yumo ukurasa wa ngapi?" Nikamwambia akalale, tutazungumza kesho. Kesho imepita, na bado sijamjibu.

Ilikuwa Disemba ya 1994, likizo. Kitabu kile cha Adam Shafi nilikuwa nimekisoma mara mbili mfululizo, na usingizi ulinipotea niliposikia kwamba mgomo wake haukutungwa. Mwaka 1948 makuli wa bandari ya Unguja waliacha kazi kweli, na mgomo ukaenea mji mzima. Mwandishi alikuwa mtoto wa miaka minane wakati huo. Kitabu chenyewe kilikuja kutoka 1979. Lakini Babu, babu yangu huyo wa Bububu, alikuwa kijana wa ishirini na kitu, naye alikuwa kuli. Mtu aliyekuwepo na kitabu kinachosimulia siku zile vilikuwa nyumba moja, na havijawahi kukutana! Nikamwomba anipeleke.

Tulipanda gari ya Bububu asubuhi, tukashuka Darajani. Miye na daftari langu, yeye na bakora. "Daraja lilikuwa hapa," akasema, akigonga lami. "Bahari ikijaa, maji yanafika mpaka huku. Siye wa Ng'ambo tukivuka alfajiri kwenda kutafuta kazi, mji bado umelala." Nilikuwa nimepita pale tangu utotoni nikisema Darajani, Darajani, bila kujiuliza daraja liko wapi. Mkono ule wa bahari ulikwishafukiwa, juu yake yanapita magari. Tukashika njia ya Funguni, tukatokea Malindi.

Hatukuingia bandarini. Tulikaa nje, kivulini mwa ukuta, harufu ya karafuu ikitujia na upepo. Nikafungua ukurasa niliokuwa nimeukunja pembe, makuli wako kazini, nikaanza kumsomea. Babu alisoma Msahafu vizuri sana, lakini herufi za Kizungu hakuzijua. Aliinamisha kichwa. Kila nilipotaja gunia, mkono wake wa kulia ulijikunja na kukunjuka, kama umeshika kulabu. Kisha ukapanda begani, penye sugu iliyomwota miaka ile ya magunia, ukatulia hapo. Nikamaliza aya.

"Na miye nimo?"

Nilitazama ukurasa. Rashidi yumo. Baba yake Majaliwa yumo. Faraji yumo. Babu alikuwa ananitazama usoni, si kitabuni.

"Umo, Babu."

"Wapi?"

Nikamshika kidole cha shahada, ukucha wake mnene umepasuka katikati, nikakiweka juu ya neno *makuli*. Akakiacha pale. Halafu kikaanza kwenda taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto, kama asomavyo Msahafu, likapitwa neno lake, akapita maneno yaliyokuwa nyuma yake, mpaka mwanzo wa mstari. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Sikumrudisha.

"Wameandika vizuri," akasema.

Ya kurudi siyakumbuki sana, ila kitabu alikipakata yeye njia nzima. Jioni aliwaambia wenzake barazani. Bibi alikuwa ameshaambiwa kabla Babu hajavua viatu. Na mpaka anafariki, mwaka 2001, mgeni akija nyumbani Babu ataniita: "Mjukuu wangu, hebu lete kile kitabu nilichomo." Ninakileta, kinajifungua chenyewe penye pembe iliyokunjwa, anaweka kidole popote pale. Hivyo ndivyo ukoo mzima ulivyokuja kuamini, na mwanangu kaipata imani hiyo kwa mama yangu.

Nilimdanganya? Nimejiuliza mara nyingi. Jina lake halimo, hilo ni kweli. Lakini ukiniambia kwamba Babu hayumo katika neno lile, nitakubishia mpaka kesho.

Nakala ya mwanangu ni chapa nyingine, kurasa haziwezi kulingana. Leo nimeitoa ile yangu sandukuni, nimeiweka juu ya meza yake, wazi pale pale. Sikupiga mstari wala kuandika kitu pembeni. Saa nane atarudi skuli, ataniuliza ni mstari upi, na sijui bado kama nitamshika kidole.