Dodge isiyo na nembo: nimefika 1968

Wiki ya sita ya kulisaka gari hili, na juzi nimegundua kuwa wiki tatu kati ya hizo nilikuwa nalitazama kinyume. Kinyume hasa, kushoto kulia.

Kwa mgeni wa mradi huu: marehemu baba mdogo alikuwa baharia, na kila meli ilipotia nanga Marekani alinunua majarida ya magari. Aliacha sanduku zima. Humo nimekuta kurasa mbili zilizochanika, hazina jalada wala maelezo, zenye picha nne nyeusi na nyeupe za gari la maonyesho. Nembo zimeng'olewa, namba hakuna. Nataka kujua lilikuwa gari gani, la mwaka gani, kabla mafundi hawajalivamia.

Aina haikunisumbua. Ubavu umebanwa kiunoni kama chupa ya Coca-Cola, mlangoni kuna mibonyeo miwili, na kioo cha nyuma kimezama kati ya nguzo mbili zinazoteremka hadi kwenye buti. Hiyo ni Dodge Charger ya 1968 hadi 1970. Mwaka ndio kizungumkuti. Kwa kawaida unaangalia mbele na nyuma tu: ya 1968 ina taa nne za duara nyuma, ya 1969 ina taa mbili ndefu, na sho yake (ule wavu wa mbele) imegawanywa katikati, ya 1970 bampa ya kromu imeizunguka sho yote. Sasa bwana huyu kang'oa vyote! Nyuma kaweka utepe mmoja wa taa, mbele kaacha taa nne wazi, wakati Charger za miaka hiyo zilificha taa nyuma ya vifuniko.

Taa wazi zilinifanya niote Charger 500, ile ya 1969 iliyotengenezwa kwa ajili ya NASCAR, mbio za magari za Marekani. Ndoto ilidumu jioni moja. Kwenye 500 kioo cha nyuma kililazwa sawasawa na nguzo ili upepo upite, hiki kimezama.

Halafu likaja lile kosa. Picha ya mbele inaonyesha usukani upande wa kulia. Mimi ni mtu wa Tabata, Dar es Salaam, usukani ukikaa kulia sishtuki, si ndipo unapokaa? Nilipokuja kuzinduka kwamba hili ni gari la Marekani, sikuishuku picha, nikalishuku gari. Nikahamia kwenye magari ya Australia, ambako usukani hukaa kulia kama kwetu. Wiki tatu nachambua magari ya huko.

Kilichoniokoa ni kifuniko cha tangi la mafuta. Charger hizi zina kifuniko cha kromu juu ya ubavu wa nyuma, kushoto. Kwenye picha ya nyuma kipo ubavu wa kushoto wa gari. Kwenye picha ya mbele kipo ubavu wa kulia wa gari. Usukani fundi anaweza kuuhamisha, lakini nani atahangaika kuhamisha mdomo wa tangi? Nikachukua kioo changu cha kunyolea, nikakisimamisha kando ya ukurasa, nikatazama tairi kupitia kioo hicho. Herufi ambazo siku zote niliziona kama mikwaruzo zikasomeka: GOODYEAR. Mchapaji aliigeuza negativu, yaani filamu ya picha.

Maana yake nina ubavu wa kushoto mara mbili, kutoka pembe mbili. Nikazibeba kurasa hadi mtaa wa Gerezani kwa mzee mmoja wa kunyoosha bodi. Hakuangalia gari, aliangalia mwanga. Taa ndefu za ukumbini zimejichora ubavuni kwa mstari mweupe, na mbele kidogo ya bampa ya nyuma mstari ule unayumba.

"Hapa pamezibwa puti, ule udongo wa kuzibia bodi, mwanangu. Tundu lilikuwa la duara, ona mstari unavyozunguka."

Kwenye picha ya pili, mahali palepale, mstari unayumba vilevile. Taa ndogo za ubavuni za 1968 ni za duara. Za 1969 ni za mstatili. Viti vya mbele navyo havina vya kuegemeza kichwa, ambavyo sheria ya Marekani ilivilazimisha kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Januari 1, 1969. Viti hubadilishwa, kwa hiyo hilo nalihesabu nusu ushahidi. Puti naihesabu ushahidi mzima.

(Anayetaka kujaribu: usitegemee skana peke yake. Ukikuza picha ya jarida unakuza nukta za wino tu. Lenzi ya sonara na mwanga wa dirishani vimenifaa zaidi.)

Imebaki sho. Ile ya Charger 500 kiwandani ilichukuliwa kutoka Coronet ya 1968, Dodge nyingine, na pua hii inafanana nayo mno. Ikiwa ndiyo, huenda fundi wetu alishaiona 500 kabla ya kushika msumeno, na kazi yake haikutangulia gari lile. Jumamosi nahesabu vipande vya sho, safari hii nikianza na kioo cha kunyolea.