Utakapokuwa Mzee

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni Yohana 21:18, maneno aliyoambiwa Petro kando ya bahari ya Tiberia: "Wakati ulipokuwa kijana, ulikuwa ukijifunga mwenyewe na kwenda utakako, lakini utakapokuwa mzee, utainyosha mikono yako, na mwingine atakufunga na kukuchukua usikotaka." Yohana anaeleza kwamba Bwana alikuwa akionyesha ni kwa mauti gani Petro atamtukuza Mungu. Hata hivyo, siwezi kuusoma mstari huu bila kuwakumbuka wazee wetu, na safari hii nimemfikiria sana mzee mmoja wa Scotland, Billy McNeill.

Alizaliwa mwaka 1940 huko Bellshill, karibu na Glasgow, akawa beki wa kati na nahodha wa Celtic, timu ya mpira wa miguu ya Glasgow. Aliichezea timu hiyo moja mechi 790, kuanzia 1958 hadi 1975. Beki kazi yake ni kuzuia, lakini huyu alikuwa mrefu na kichwa chake kiliogopwa kuliko miguu ya washambuliaji wengi. Katika fainali ya Kombe la Scotland ya 1965 dhidi ya Dunfermline, matokeo yakiwa 2-2 na dakika zinayoyoma, Charlie Gallagher alipiga kona, McNeill akaruka juu ya wote, mpira ukajaa wavuni. Celtic walikuwa wamekaa zaidi ya miaka 7 bila kombe kubwa. Machi 1967, robo fainali ya Ulaya dhidi ya Vojvodina ya Yugoslavia, ikawa vilevile: dakika ya mwisho kabisa, kona ya Gallagher, kichwa cha McNeill. Bila bao lile wangelazimika kucheza mechi ya tatu.

Tarehe 25 Mei mwaka huohuo, jijini Lisbon, waliifunga Inter Milan 2-1 na kuwa klabu ya kwanza ya Uingereza yote kutwaa ubingwa wa Ulaya. Wachezaji wote 11 walikuwa wamezaliwa ndani ya maili 30 kutoka uwanja wao wa nyumbani. Filimbi ya mwisho ilipolia mashabiki walifurika uwanjani, wachezaji wakakimbilia chumba cha kubadilishia nguo, na nahodha ikabidi asindikizwe hadi jukwaani kupokea kombe bila wenzake pembeni. Picha yake akiwa amelinyanyua kwa mikono miwili inajulikana dunia nzima, na sanamu yake iliyosimamishwa nje ya Celtic Park mwaka 2015 imemwonyesha hivyohivyo.

Mwanzoni mwa 2017, miaka 50 ya Lisbon ikikaribia kuadhimishwa, familia yake ilitangaza kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa anaishi na demenshia, ugonjwa unaokula kumbukumbu na akili. Maneno yalikuwa yamempungua sana. Huyu ndiye aliyekuwa akipaza sauti kuwapanga mabeki wenzake mbele ya maelfu ya watu.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, wakiongozwa na Dk. Willie Stewart, walichapisha utafiti kuhusu wanasoka wa zamani 7,676 wa Scotland. Waligundua kwamba wanasoka hao walikufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo mara tatu na nusu zaidi ya watu wengine. Miaka miwili baadaye walitazama nafasi uwanjani: mabeki, ambao hupiga sana mpira kwa kichwa, ndio walioathirika zaidi, karibu mara 5, wakati makipa hawakuwa tofauti sana na watu wa kawaida. Sisemi kwamba ugonjwa wa McNeill ulitokana na mpira, maana hakuna awezaye kuthibitisha hilo kwa mtu mmoja. Ila nashukuru kwamba tangu 2020 Scotland imezuia watoto wa chini ya miaka 12 kupigishwa mpira kwa kichwa mazoezini. Makocha wetu wa shule za Jumapili na wa mitaani nao walisikie hili.

Sasa tuje nyumbani mwetu. Mzee akianza kusahau, wengine wananong'ona kwamba amerogwa. Wengine wanamcheka kwamba amerudi utotoni. Na waumini wazuri kabisa wanaacha kumtembelea, wakisema, "Hata nikienda, hanitambui." Wapendwa, kauli hiyo inaniumiza. Tunamtembelea ili atutambue? Yule mama anayemlisha mumewe uji kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu, akijibu kwa mara ya kumi asubuhi hiyo kwamba leo ni Jumanne, anatambuliwa na nani? Mtume Petro aliambiwa "mwingine atakufunga", na huyo mwingine katika nyumba zetu mara nyingi ni mke au binti ambaye hajalala vizuri kwa miezi.

Wapo pia wanaoogopa kwamba mzee aliyesahau Sala ya Bwana amepoteza na imani yake. Nawajibu kwa Isaya 49:15: "Je! Mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, hata asimhurumie mwana wa tumbo lake? Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe." Ahadi hiyo haikuwekwa juu ya nguvu ya kumbukumbu zetu. Imewekwa juu ya Mungu mwenyewe, naye ubongo wake haukongoroki. Mtoto tuliyembariki kanisani hakujua jina la Yesu siku ile, na hatukusita kusema ni wa Bwana.

McNeill alifariki tarehe 22 Aprili 2019, Jumatatu ya Pasaka, akiwa na miaka 79.

Wiki hii naomba kila kikundi cha maombi kitaje wazee wanaougua hivi katika mtaa wake. Kisha mpangane zamu: wawili wakae na mzee Jumapili asubuhi, ili anayemuuguza aje ibadani, akae kwenye benchi, na arudi bila kukimbia. Mkifika msimuulize mzee, "Unanikumbuka?" Mwambieni majina yenu, mshikeni mkono, mwimbieni, kisha muulizeni mama wa nyumba kama kuna maji ya kuteka.