Rejeta ya Makambako na leni ya tisa

Jumanne ya 25 Agosti 2015 nilipanda basi Mbeya stendi kuu kwenda Iringa, mkononi nimebeba suti ya bwana harusi. Bwana harusi mwenyewe ni binamu yangu, kashonesha Mwanjelwa kwa fundi anayemwamini yeye peke yake duniani, na mimi ndo nikapewa kazi ya kuifikisha bila kukunjwa, kwa hiyo ikaning'inizwa kwenye kachuma ka juu ya dirisha na kila basi likikata kona inanifuta uso. Abiria wa siti ya nyuma akaniuliza kama naenda kuapishwa, maana wiki hiyo kampeni ndo zilikuwa zimeanza na bendera za vyama ziko kwenye kila mti.

Uyole tukapita, Mlima Nyoka, Inyala akina mama na ndoo zao za viazi, kisha unashuka kule Igurusi na Chimala jua linawaka kidogo unavua sweta. Kuanzia hapo ni matuta. Tuta, kibao cha hamsini, trafiki na tochi yake chini ya mwembe, tuta tena. Dereva wetu kila tuta anakaribia anakanyaga breki, anapanda taratibu, anashuka, halafu anaanza upya kutafuta mwendo mpaka injini inalia, na mimi nikawa nacheka mwenyewe kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa naruka viunzi enzi za shule. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa anapiga kelele pale pembeni, "Usikisubiri kiunzi! Kifuate!" lakini utakifuataje kitu cha mbao za paina kilichopigiliwa misumari ya inchi nne, ukikigonga hakianguki, unaanguka wewe. Goti langu la kulia hadi leo lina alama.

Kwa wasioujua huo mchezo, mita 400 kuruka viunzi ni mzunguko mmoja kamili wa uwanja na viunzi 10. Mita 45 mpaka cha kwanza, halafu kila baada ya mita 35 kingine, ukivuka cha mwisho unabakiwa na mita 40 za kumalizia na hapo miguu ishakuwa magogo. Kwa wanaume kimo ni sentimita 91.4, yaani kinakufika kwenye nyonga. Cha kutesa ni hesabu ya hatua, mtu anapanga atapiga hatua ngapi kati ya kiunzi na kiunzi na akiichanganya tu kwenye kona imekula kwake.

Makambako tukafika saa saba na kitu, na pale ndo safari ikafa. Hozi ya rejeta imepasuka, mvuke unatoka mbele kama tunapika makande. Konda akasema "dakika kumi tu abiria wangu" na sote tulijua maana yake ni saa mbili. Kama hujawahi kusimama Makambako mwezi wa nane nakuambia ule upepo hauna adabu, unaingia kwenye mkono wa shati unatokea mgongoni. Nikachukua suti yangu nikaingia kwenye hoteli moja ndogo ng'ambo ya barabara, nikaitundika kwenye msumari wa kalenda, nikaagiza chai ya maziwa na chipsi mayai.

Kulikuwa na tivii ukutani na king'amuzi, na kijana wa pale ameshika rimoti anataka kuweka tamthilia. Kwenye kona amekaa mzee mmoja, kofia ya sufi, koti kubwa la zamani la kazini. Nikamwamkia, "Kamwene, shikamoo mzee," akaitika marahaba huku macho hayatoki kwenye skrini, maana ilikuwa inaonyesha riadha, mashindano ya dunia, Beijing, ule uwanja wa Kiota cha Ndege. Kijana akabadilisha. Mzee akagonga meza.

"Rudisha hapohapo. Hao ni Wachina wangu."

Kumbe alifanya kazi kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, ule wa miaka ya sabini, Wachina na Watanzania wanachimba mahandaki pamoja, na mpaka leo kitu chochote kinachotoka China mzee anakiangalia mpaka mwisho, hata kama ni hotuba. Kijana akarudisha, akanuna.

Meza ya pili kulikuwa na dereva wa lori, Mkenya, anaelekea Tunduma, na yeye alikuwa na shida yake moja tu, David Rudisha, Mkenya mwenzake wa mita 800, alikuwa anakimbia fainali siku hiyohiyo. "Hii ya viunzi ipite tu haraka," akasema, "hii si ya sisi." Na kusema ukweli nilimwelewa. Sisi wa ukanda huu tumezoea kwamba mbio zetu zinaanzia mita 800 kwenda juu, chini ya hapo ni za Wamarekani na Wajamaika, sisi tunaenda chooni.

Saa tisa na kitu wakajipanga. Macho yangu mimi yalikuwa kwa Kerron Clement, Mmarekani, bingwa wa dunia 2007 na 2009, nikawa najifanya mchambuzi, namweleza mzee huyu ndo wa kuangaliwa. Leni ya 9, nje kabisa kule pembezoni, wamemuweka Nicholas Bett wa Kenya. Dereva akakunja uso, "Bett gani?"

Sasa leni ya 9 ni mateso yake ya kipekee. Kwa sababu ya kona wanakupanga mbele ya wote, unaonekana kama unaongoza, lakini hakuna unayemuona, wote wako nyuma yako, unakimbia gizani. Huna wa kumfukuza. Ukizubaa hujui, ukiwaacha hujui. Faida yake kona imelegea kidogo, lakini waulize wakimbiaji kama kuna anayeiomba.

Bastola ikalia. Kiunzi cha kwanza, cha pili, bado huwezi kujua nani ni nani kwa sababu ya ule mpangilio, mimi namfuata Clement wangu. Wanaingia kona ya mwisho, hapo ndo hesabu zinaanza kusawazishwa, na yule wa nje haliwi. Mzee ndo aliyeona kwanza. "Huyo wa pembeni," akasema, "huyo wa pembeni hawajamfikia." Wananyoosha, kiunzi cha tisa, cha kumi kavuka na mbele yake hakuna mtu, na dereva kasimama kikombe mkononi, "Ni wetu huyo? Ni wetu?" Mzee akamjibu bila kumuangalia, "Watu wenu wenyewe hamuwajui?"

Bett wa kwanza, sekunde 47.79. Mrusi Denis Kudryavtsev wa pili 48.05, Jeffery Gibson wa Bahamas wa tatu 48.17, Clement wangu hata medali hakupata. Mkenya mwingine, Boniface Mucheru, alikuwemo fainali hiyohiyo akamaliza wa tano. Ilikuwa mara ya kwanza Kenya kuchukua dhahabu ya dunia kwenye mbio fupi kuliko mita 800. Dereva akalipia chai ya wote waliokuwemo, hata kijana wa rimoti.

Halafu mzee akaleta jambo. Akasema hii siyo ya kwanza kwetu, mwaka 72 kulikuwa na Mganda, walimsikia kwenye redio wakiwa kambini. Ni John Akii-Bua huyo, Olimpiki ya Munich, mbio hizihizi, 47.82, rekodi ya dunia na mtu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48. Na unajua alikimbia leni ipi? Ya kwanza, ndani kabisa, ambako kona imebana mpaka unakimbia umelala upande. Mmoja leni ya 1, mwingine leni ya 9, miaka 43 katikati, na tofauti ya muda wao ni sekunde 0.03. Afrika Mashariki tunapewa leni ambazo wengine hawazitaki kisha tunaondoka na dhahabu, asee!

Bett hakukaa sana. 8 Agosti 2018, akiwa ndo karudi kutoka mashindano ya Afrika kule Asaba, Nigeria, gari lake lilipita kwenye matuta huko Nandi, Kenya, likapinduka, akafariki. Ana pacha, Haron Koech, naye mruka viunzi.

Basi lilipona saa kumi. Nyororo, Mafinga na misitu yake ya Sao Hill, Ifunda giza linaingia, Ipogolo taa zimewaka, bodaboda akanipandisha mjini suti iko juu juu kama bendera. Bwana harusi alipoipokea kitu cha kwanza alinusa, akasema ina harufu ya chipsi. Rudisha naye alishinda, nililikuta kwenye simu.

Kesho yake Iringa nzima, kwa wale wachache wanaojali, stori ikawa Mkenya mwingine, Julius Yego, na mkuki wake, mita 92.72, mtu aliyejifunza kwa kuangalia YouTube. Haya, ni kubwa, sikatai. Ila mkuki unarushwa mara sita, ukikosea wa kwanza unao wa pili, na kila ukirusha unasomewa umefika wapi na wenzako wamefika wapi. Bett alipewa mara moja, leni ya 9, bila kumuona mtu. Kwangu mimi ya Bett inabaki juu, na binamu yangu ameshabisha hili vya kutosha, kwa hiyo mwingine anayetaka kubisha aje na hoja mpya.