Waliniambia nichunge miguu ya mbwa, kumbe shida ni mdomo

Kabla sijasahau: viatu vya mbwa msinunue. Nitaeleza kwa nini, lakini kama una haraka chukua hilo uende nalo.

Naishi Adelaide, Australia Kusini, mwaka wa sita sasa. Nauguza wazee usiku, mchana nalala. Mbwa wetu anaitwa Popi kwa sababu mume wangu ni mtu wa Tanga kama mimi, na Tanga ya utoto wetu mbwa asiyeitwa Simba aliitwa Popi. Ni mweusi, kilo ishirini na kitu, sikio moja limesimama, jingine limelala. Tulimchukua kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa. Ana chipu chini ya ngozi na namba ya usajili, maana ndiyo sheria ya jimbo hili, kwa hiyo karatasi zake zilikamilika kabla ya zetu sisi.

Aprili tulipata likizo siku tisa pamoja, jambo ambalo kwa zamu zetu ni kama kupatwa kwa jua. Tukapanga kwenda kupiga kambi: siku nne kaskazini kwenye milima ya Flinders, huko kwenye nchi kavu ya ndani wanakokuita autibeki, halafu turudi kusini tulale ufukweni rasi ya Yorke. Kumwacha Popi kwenye hoteli ya mbwa niliulizia bei nikakata simu kwa adabu.

Mama alipopiga kutoka Tanga nikamwambia.

"Shikamoo mama. Wiki ijayo hatupo, tunampeleka Popi likizo."

"Marahaba. Nani?"

"Popi."

"Mbwa?"

"Ndiyo mama."

Akanyamaza kidogo. "Baba yako alifanya kazi bandarini miaka thelathini. Likizo yake alikuwa anaezeka paa." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sasa washauri. Mfanyakazi mwenzangu mmoja ana mbwa watatu na kwa hiyo anajiona profesa. Akasema ardhi ya kule mawe yanakata, miiba imejaa, mnunulie viatu. Nikatoa dola themanini hivi. Vilikuja vinne, vyekundu, soli ya mpira, mkanda wa kunata juu. Nilipomvisha cha nne Popi alisimama katikati ya sebule kama meza. Namwita, ananitazama kwa macho ya mtu aliyetozwa faini bila kosa. Nikatikisa bati la chakula. Akainua mguu wa mbele juu kabisa, akautua polepole. Akainua wa nyuma, akausahau hewani. Alivuka sebule kama korongo kwenye tope, na mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Profesa akasema atazoea, mpe wiki. Tukampa wiki mbili. Hakuzoea, ila alijifunza kujificha kila akisikia ule mkanda unabanduliwa.

Huyo huyo profesa ndiye aliyesema hifadhi za taifa zinaruhusu mbwa mradi awe na kamba. Hilo nalo nitalifikia.

Mtu pekee aliyeniuliza swali la maana alikuwa daktari wa mifugo, nilipokwenda kuchukua dawa ya viroboto. "Huyu anaokota vitu na kula?" Nikacheka. Popi ameshakula sabuni, soksi, na nusu ya kitabu cha kujifunza udereva. Daktari hakucheka. Akaniambia habari ya 1080.

Ni sumu, jina lake ni hiyo namba. Kule wafugaji na watu wa hifadhi wanaitia kwenye vipande vya nyama kuua mbweha na mbwa-mwitu wao, dingo. Mbweha waliletwa na Wazungu na wanamaliza wanyama wa asili, kama wale kangaruu wadogo wa mawe wenye mkia wa mistari, basi kule Flinders wamekuwa wakiwapunguza kwa mpango maalumu tangu mwaka 1992. Vita ya dingo ni ya zamani zaidi: kuna uzio wa waya umekatiza nchi zaidi ya kilomita 5,000 ili tu wasivuke kuja kwenye kondoo. Na sisi tunampakia mbwa kwenye gari tunampeleka huko huko, kwa hiari yetu. Hiyo 1080 mbwa akiila haina dawa ya kuiondoa mwilini. Hata mzoga wa aliyekufa kwayo unaua. Na ndege huokota vile vipande wakaviangusha mbali na palipowekwa, kwa hiyo usijidanganye kwamba geti lisilo na bango ni salama.

Daktari akasema: mfunge mdomo. Wanavyo vile vikapu vya mdomo.

Cha kwanza nilichonunua kilikuwa cha kitambaa, kinabana kama soksi, bei nafuu. Bahati nilimwonyesha daktari picha. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema mdomo wazi; ukimbana hivyo juani unamuua mwenyewe kabla ya sumu. Nikarudisha, nikachukua cha plastiki, kikapu hasa, chenye nafasi ya kuhema na kunywa maji. Namna ya kumzoesha: siagi ya karanga unapaka ndani mwishoni, anaingiza pua mwenyewe. Soma kopo kwanza, kuna zinazotiwa sukari ya zailitoli, na hiyo kwa mbwa ni sumu nyingine. Siku ya nne Popi alikuwa analeta kikapu mwenyewe kwa mdomo. Linganisheni na viatu.

Lakini nikamjaribu uani. Nikaweka kipande cha soseji kwenye nyasi. Popi akabandika kikapu juu ya soseji, akakandamiza, akanyoosha ulimi kupitia tundu la mbele, soseji ikapanda kama lifti. Sekunde tano! Nikarudia mara tatu kwa sababu sikuamini, na yeye akafurahia utafiti.

Hapa ndipo ninapojisifu, mniwie radhi. Usiku huo kazini nilikuwa nafikiria ile tundu badala ya kazi. Nikarudi alfajiri, nikafungua kabati, nikaona chujio la tui. La plastiki, lile la matundu madogo, limetoka soko la Ngamiani, mama alinipakilia kwenye begi mara ya mwisho nilipokwenda. Nikalitazama, nikatazama kikapu. Nikakata mkono na ukingo, nikabaki na ile bakuli yake, nikaishonea kwa ndani ya pua ya kikapu kwa mshipi wa kuvulia wa mume wangu, mshono kama wa jeraha, fundo kila tundu la pili. Kingo nilizilainisha kwa moto wa kiberiti. Tukarudi uani na soseji. Popi akakandamiza, akalamba, akalamba, soseji ikalowa tu ikabaki pale pale. Maji anakunywa vizuri, yanapita. Nilikaa kwenye ngazi na chai yangu nikajiona mhandisi.

Safari yenyewe haina mengi. Adelaide hadi Hawker ni kilomita mia nne hivi, unapitia Quorn, mafuta jaza kila unapoyaona, na jioni usiendeshe, kangaruu wanavuka kama mbuzi wa Mkinga. Kaskazini ya Hawker tukakuta bango la hifadhi ya Ikara, mbwa aliyepigwa mstari mwekundu. Profesa huyo! Tukageuza gari, na giza ndilo hilo linakuja. Kilichotuokoa ni kwamba nje ya hifadhi kuna mashamba makubwa ya kondoo yanayopokea wapiga kambi, na baadhi wanakubali mbwa. Mapema ningepiga simu. Wilpena Pound, lile bonde la ndani ya hifadhi, tumeiona kwa zamu, mmoja anatembea na mwingine anabaki kambini na Popi. Ukiwa juu unaona milima imezunguka kama ukingo wa sufuria, ungedhani volkano, kumbe ni miamba iliyokunjwa tu. Picha yetu ya pamoja pale haipo.

Mwenye shamba alikuwa mzee wa kofia, maneno machache. Akamtazama Popi, akainama, akagusa chujio kwa kidole. Akauliza nimenunua wapi. Nikamwambia Tanga. Akatikisa kichwa kana kwamba anapajua.

Viatu viliisha siku ya kwanza. Viwili vilipotelea kwenye mkondo mkavu wa mto, chini ya ile mikalitusi mikubwa yenye magome meupe. Cha tatu tulikikuta nyuma ya hema kimetafunwa na mkanda wake haupo. Nilitafuta kwa tochi nikijua ninajidanganya. Jioni hiyo kikapu kilikuwa kimevuliwa kwa sababu ya kula, na mimi nilikuwa naosha sufuria. Tangu hapo kila asubuhi nilifanya zamu nyingine, na kijiti, mnajua ya nini. Sikuuona.

Na miiba? Ipo. Ile yenye pembe tatu inachoma kama mbigili zetu, ukiikanyaga unataja majina ya watu. Lakini Popi alikuwa anasimama mwenyewe na kuinua mguu, namtoa kwa kibanio changu cha kazini, tunaendelea. Iliyonasa kwenye manyoya paka mafuta ya nazi, subiri kidogo, inateleza. Dola themanini nzima nilitupa na mafuta ya nazi yapo jikoni.

Siku ya tatu, kwenye ule mkondo mkavu, Popi aliruka ghafla pembeni akabandika kikapu chini na kuanza kulamba. Nikavuta kamba. Palikuwa na kitu cheusi, kikavu, urefu wa kidole gumba, mate yake juu. Labda kilikuwa kinyesi cha mnyama. Labda nyama. Sikukigusa na sikubaki kukichunguza. Niliosha lile chujio kwa maji ya kunywa lita mbili nzima, mikono imevaa glovu, na mikono hiyo ilikuwa inatetemeka.

Tukashuka Yorke. Ncha ya rasi ni hifadhi, Popi haingii, lakini juu yake pwani kuna viwanja vya kambi vya halmashauri ambako mbwa wanaruhusiwa, unalipia kidogo tu. Tulipunguza upepo wa matairi, tukaweka hema nyuma ya tuta la mchanga. Nikajiambia huku ufukweni hakuna mbweha wa kutegewa. Nikamvua kikapu. "Mpumzishe mtoto," nikasema. Maneno yangu hayo.

Asubuhi ya pili niko na kanga mabegani, upepo wa baridi kutoka kusini, Popi anakimbia mbele, anasimama, ananusa, anainua kichwa. Mdomoni ana kitu cheupe cha duara. Mtoto wa Tanga anafundishwa bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha kama mpira, kabla ya kufundishwa a-e-i-o-u. Hata kwa mbali, hata kakauka, bunju ni bunju. Sumu yake inapooza misuli, miguu kwanza, mwisho ile ya kupumulia.

Nikapiga kelele "Acha!" na kumkimbilia. Kosa. Akaona mchezo, akakimbia na bunju wake. Mume wangu akatokea upande wa pili, Popi akafurahi zaidi, wachezaji wameongezeka. Ndipo nikakumbuka: nikageuka, nikakimbia kuelekea gari, natikisa bati la chakula na kuimba jina lake kama mwuza mishikaki. Sikutazama nyuma. Nilipofika garini alikuwa miguuni pangu, mdomo mtupu, anasubiri malipo. Mume wangu akamkuta bunju mchangani. Ubavu mmoja ulikuwa umetobolewa, na hatukuweza kusema kama kuna kilichomezwa.

Kliniki ya karibu ilikuwa mwendo wa kama saa moja. Mimi kiti cha nyuma, kichwa cha Popi mapajani, nahesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi kama ninavyohesabu za wazee wangu. Alikuwa anahema kawaida. Mimi ndiye niliyekuwa sihemi.

Wakampa dawa ya kutapika. Baada ya muda daktari akatoka na bakuli la chuma. Majani, mchanga, wali wa jana yake. Bunju hamna. Na katikati, umejikunja vizuri, mkanda mwekundu wa kiatu, bado unanata. Daktari akauliza kama naujua. Nikasema hapana. Mume wangu akasema ndiyo. Walimwangalia mpaka jioni, nikalipa kama dola mia tatu na ushee, wakaniambia huo mkanda ungeweza kuziba utumbo na hapo tungezungumza upasuaji.

Siku mbili zilizobaki Popi alitembea ufukweni na kikapu chake. Watu wenye mbwa wadogo walikuwa wanavuka upande wa pili wakidhani ni mkali. Alikuwa na furaha sana. Nikampiga picha jua linazama, bahari nyuma yake, sikio moja limesimama, nikamtumia mama aone kwamba likizo imeisha salama.

Tiki mbili za buluu. Kimya cha dakika kumi. Kisha sauti.

"Mwanangu. Hilo usoni kwa mbwa si chujio langu la tui?"