Waya moja ya orutu

Jumapili tulikuwa Dunga, ufukweni Kisumu, mimi na binamu yangu, tumeagiza samaki, ngege moja kubwa na inachukua muda kama kawaida, hapo kando kuna mzee anapiga orutu. Kama hujawahi kuiona kwa karibu, orutu iko na waya moja tu. Moja bana. Kikopo cha mbao kimewambwa ngozi, kijiti, waya na upinde, basi. Lakini vidole vya huyo jaduong' vikisonga hivi kidogo tu sauti inageuka kabisa, ukifunga macho utasema ni watu watatu wanajibizana.

Sasa binamu hakuwa na raha, wiki iliyopita aliachwa na matatu ya asubuhi akakosa intavyuu Nairobi, akaniambia eti si wewe husoma ile nadharia ya nyuzi, inasema malimwengu ni mengi, basi kuna ule nilifika mapema na hiyo kazi ni yangu.

Nikamwambia tulia kwanza, umechanganya mambo mawili.

Nadharia ya nyuzi ni huyo mzee hapo. Inasema elektroni, kwaki (chembe ndogo za ndani ya kiini cha atomu), hata mwanga, si vitu tofauti, ni kauzi kadogo kanatetemeka kwa njia tofauti. Kadogo kiasi gani? Andika sifuri, nukta, halafu sifuri 34 ndio uweke moja, hiyo ni kwa mita. Ilianza kimakosa, mwaka wa 1968 mwanafizikia Veneziano alitoa fomula ya kueleza nguvu zinazoshika kiini cha atomu, baadaye wenzake Nambu, Nielsen na Susskind wakaona kila mtu kivyake kwamba hiyo ni hesabu ya uzi unaotetemeka. Na mtetemo mmojawapo ukawa ndio unabeba mvutano, ile graviti inayotuvuta chini, hapo ndio watu walichangamka, kwa sababu mvutano ulikuwa umekataa kuingia kwenye hesabu za vitu vidogo.

Shida ni kwamba hesabu haikubali mpaka uipe vipimo 10, tisa vya nafasi na kimoja cha wakati, na sisi tunaona vitatu na wakati tu. Hivyo sita vingine viko wapi? Wanasema vimekunjwa. Angalia uzi wa nyavu pale kwa boti, kutoka hapa ni mstari, enda uushike utaona una unene na umesokotwa. Na njia za kukunja ni nyingi vibaya, hesabu inayotajwa sana ni moja yenye sifuri 500. Kila mkunjo ni kama kubadilisha kikopo cha orutu, waya ni ileile lakini sauti inatoka nyingine, elektroni ina uzito mwingine, nguvu zingine. Huo ndio ulimwengu mwingine wa nyuzi. Mwingi wake pengine hauna hata atomu, sembuse Nairobi, sembuse wewe na intavyuu yako.

Ile unataka ni ya mwanafizikia Everett, 1957, ya kwamba kila kitu kinachowezekana kwenye kwantamu, yaani fizikia ya vitu vidogo sana, kinatokea kwa tawi lake la ulimwengu. Hiyo haihitaji nyuzi hata kidogo.

Mimi nyuzi nazipenda, ile sifuri 500 ndio hunikaa kooni, maana nadharia inayoweza kutoshea kila kitu utaikamata wapi? Ile mashine ya kugonganisha chembe ya CERN, maabara ya fizikia kule Ulaya, ina kilomita 27 na ilipata chembe ya Higgs mwaka wa 2012, lakini zile chembe pacha za hizi tunazojua ambazo watu wa nyuzi walizitegemea hazijaonekana. Ingawa pia siwezi kucheka sana, kwa sababu mwanafizikia Weinberg mwaka wa 1987 alitumia wazo la malimwengu mengi akasema nishati ya anga tupu, ile inayoweza kusukuma ulimwengu upanuke, inaweza kuwa ndogo sana lakini si lazima iwe sifuri, na mwaka wa 1998 wanaastronomia wakapata ulimwengu unapanuka kwa kasi inayoongezeka, kama vile hiyo nishati ipo na ni ndogo kweli.

Ngege ikafika. Binamu akamega ugali, akafikiria, akauliza kama kwa huyo Everett kuna tawi ambalo mimi ndio nalipa hii bili.

Nikamwambia liko, ila si hili.