Salamu ya Wakala

Binti yangu ameletewa zoezi la Kiingereza: atunge sentensi kwa kitenzi boycott. Maana anaijua, amekulia Kenya. Akaandika habari za upinzani kususia uchaguzi wa marudio wa Oktoba 2017. Alichotaka kujua ni neno lenyewe limetoka wapi. Nikamwambia ni jina la mtu. Akadhani namtania.

Charles Boycott alikuwa wakala wa Lord Erne, mwenye mashamba huko Mayo, Ireland. Mwaka 1880, baada ya mavuno mabaya, wapangaji waliomba kodi ishuke zaidi, wakaletewa ilani za kufukuzwa. Boycott hawakumpiga. Walimtenga. Vibarua wakaondoka shambani, wenye maduka wakakataa kumwuzia. Ikabidi waletwe watu 50 kutoka mbali kuvuna mazao yake, wakilindwa na askari wapatao 1,000. Gharama ikakaribia pauni 10,000 kwa mazao ya pauni 500 hivi. Inasimuliwa kwamba kasisi wa pale, John O'Malley, ndiye aliyependekeza jina lake ligeuzwe kitenzi, kwa kuwa neno la kisomi lingewatatiza wakulima. Kabla mwaka haujaisha, magazeti yalikuwa yakilitumia.

Nilipotamka "wakala" nikamkumbuka wetu.

Majengo, mtaa wetu nilipokuwa mtoto, mnaijua: nyumba yako, ardhi ya mtu mwingine. Mwenye ardhi hatukupata kumwona hata siku moja. Tuliyemwona ni wakala, kofia ya vito, kitabu cha risiti kwapani. Mwaka ule alipandisha kodi ya kiwanja, na asiyeweza, akasema, abomoe achukue mabati yake. Wanaume wakaenda kwa chifu, wakaenda kwa wakili, wakarudi na barua. Wanawake walikuwa na arusi mtaa wa nyuma, na huko ukumbini ndiko jambo lilikokatwa. Asiuziwe, asikaribishwe, asisemeshwe.

Tatizo likawa salamu. Kuanza kusalimu ni hiari, kuitikia ni wajibu. Hilo mtoto wa madrasa analijua. Sasa utamsusa vipi mtu ambaye neno lake la kwanza ni "Asalaam aleikum"? Walibishana mpaka vyombo vya arusi vikaoshwa. Sikusikia walivyoafikiana.

Asubuhi yake nilikuwa kibarazani na Bibi, nikimsaidia kuuza mahamri na mbaazi. Akaja. Wateja walimwona tangu kona ya msikiti, mazungumzo yakafa. Alisimama mbele ya sufuria, mvuke wa nazi ukimpanda usoni, akatoa salamu kwa sauti ya mtu asiyejua lolote. Bibi aliinamia ungo. Midomo yake ilicheza. Mimi niliyekuwa ubavuni nilisikia "waaleikum salaam", ndogo, ya kumtosha Mungu. Kisha akachukua kifuniko akafunika mbaazi. Taratibu, bila kukibamiza. Akaufunika na ungo wa mahamri kwa kitambaa.

"Yamekwisha, Bibi?"

Hakujibiwa. Mahamri yalikuwa yakionekana pembeni ya kitambaa. Akanigeukia mimi, mtoto, kana kwamba mimi sikuwamo. Nikatazama miguu yake: makubadhi yamepasuka kisigino, yameshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Nikajiuliza, na hadi leo najiuliza, yeye mwenyewe alikuwa akilipwa shilingi ngapi.

Alisimama kidogo, akaenda zake.

Mengine yalikwenda haraka. Muuza kahawa naye akampita na dele lake, kinyozi akawa ana foleni isiyoisha. Baada ya Idi hakuonekana tena. Kodi ilipanda, lakini si kwa kiasi alichokitaja. Bibi hakutaka kuongea habari zake. Ukimwuliza atasema, "Salamu yake nilimjibu," kwa ukali, kama kwamba umemshitaki.

Wakala mpya alikuwa kijana wa pikipiki. Huyo hakuwa na habari ya salamu. Alipiga honi mlangoni, tukatoka kulipa.